Ukiharakisha Kufunika Doa, Utapaka Ukuta

Wasikilizaji wa Tunduma, Vwawa na Mlowo, na ninyi wa Mkwajuni, Itumba na Kamsamba, wote wa mkoa wetu wa Songwe, nisikilizeni. Leo nina neno moja tu na kila mwenye ukuta uliopakwa rangi, awe amejenga, amepanga, au ana gesti pale karibu na mpaka.

Wahenga walituachia methali ya ufa, na hakuna mjenzi asiyeijua: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nasema kwenye doa mambo yamegeuka. Ufa unataka haraka. Doa linataka subira. Ukiharakisha kulifunika, utajikuta umepaka ukuta mzima, na pengine chumba kizima, kwa pesa ambayo hukuipangia.

Tuangalie inavyotokea. Jumamosi asubuhi umeona alama ya mkono karibu na swichi. Kule stoo kuna kopo lenye rangi iliyobaki, na brashi ipo. Unachovya, unapaka pale pale kwenye alama, unarudi nyuma hatua mbili, unaridhika. Jioni rangi imekauka, taa imewashwa, na ile alama ndogo iliyokuwa ukubwa wa kiganja sasa ni duara lenye ukubwa wa sinia. Rangi ni ile ile, kopo ni lile lile, lakini duara linaonekana kutoka mlangoni. Unapaka tena ili kulisawazisha, linaongezeka. Jumapili mchana unapiga simu kwa fundi.

Mji kama Tunduma ni shule nzuri ya jambo hili. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam inafika hapa na kuvuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, na malori ya Zambia na Kongo hupanga foleni kungoja zamu yao. Dereva akisubiri karatasi zake, analala gesti. Leo analala huyu, kesho mwingine, na kila mmoja anaacha kitu ukutani bila kukusudia. Ingia chumba chochote cha gesti kilichopakwa rangi ya krimu miaka miwili iliyopita, utaona. Juu ya kitanda, pale kichwa kinapoegemea wakati mtu anaangalia televisheni au simu, kuna duara la mafuta ya nywele. Pembeni mwa kitanda kuna mikwaruzo myeusi ya mabegi. Nyuma ya mlango kuna kishimo cha kitasa. Kuzunguka swichi kuna kivuli cha vidole, na mahali fulani karibu na chandarua kuna mbu aliyepigwa kofi akiwa ameshashiba.

Alama zote hizo mwenye gesti huziita uchafu, na dawa yake ni rangi. Lakini ziangalie moja moja. Ile ya juu ya kitanda ni mafuta. Ile ya begi ni raba au plastiki iliyobaki juu ya rangi. Ya swichi ni jasho na vumbi. Ya mbu ni damu. Ni ile ya kitasa peke yake ambayo imeharibu ukuta wenyewe. Kwa maneno mengine, kati ya alama tano, nne zimekaa juu ya rangi na hazijaiharibu. Hizo zinataka sabuni. Ukizipaka rangi bila kuziosha, umeufunika uchafu ukiwa mbichi. Rangi ya maji haishiki juu ya mafuta, na baada ya muda itachuna au doa litajitokeza tena.

Najua kwenye baadhi ya mitaa yetu maji yana tabu yake, lakini kazi hii haihitaji pipa. Nusu ndoo ya maji ya uvuguvugu, matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo, sponji laini na kitambaa safi cha kukaushia. Anza chini kwenda juu. Ukianza juu, maji machafu yatatiririka kwenye sehemu kavu na kuacha michirizi ambayo ni migumu kuiondoa kuliko doa lenyewe. Ukuta ukishalowa chini, yale yatakayotiririka hayanati. Alama ya kalamu ya wino unaigusa kwa pamba yenye spiriti kidogo, kwa upole, maana spiriti hulainisha rangi ya maji. Mikwaruzo ya raba na chaki za rangi za watoto hutoka kwa magadi ya kuokea yaliyolowanishwa yakawa uji mzito, unasugua kwa kidole, unafuta.

Tahadhari ni moja: usisugue kwa nguvu rangi isiyong'aa. Ukiisugua sana, inapata mng'ao pale uliposugua, na umejitengenezea alama mpya mahali pa ile ya zamani. Jaribu kwanza nyuma ya kabati.

Sasa tuje kwenye alama inayotaka rangi kweli: kishimo cha kitasa, tundu la msumari wa kalenda, mahali tepu ya bango imeondoka na ngozi ya rangi, ukingo uliosuguliwa na migongo ya viti miaka nenda rudi. Hapa lazima tujue kwa nini kiraka huonekana. Sababu ni tatu.

Ya kwanza ni kwamba rangi ya ukutani si ile tena iliyotoka dukani. Ukuta unaotazama dirisha umepigwa na jua umepauka. Ule wa gizani, kama ulipakwa rangi nyeupe ya mafuta, umegeuka manjano, kwa sababu rangi ya mafuta hugeuka manjano pasipo mwanga. Juu yake kuna vumbi la barabara na moshi wa jikoni. Rangi ya kopo imelala gizani bila kupatwa na lolote kati ya hayo. Ukizikutanisha, zinakataana.

Ya pili ni mng'ao. Ukishaziba kishimo kwa puti na kupitisha msasa, puti inabaki na kiu. Rangi inapopita juu yake, maji yananyonywa haraka, na pale panakauka pakiwa pamefifia huku pembeni panang'aa. Mchana huoni. Usiku, taa ikimulika kwa ubavu, kiraka kinatokeza kama kiraka cha kaniki kwenye kanzu. Dawa yake ni kuitangulizia puti praima, au rangi ile ile iliyozimuliwa kwa maji kidogo, uiache ikauke, ndipo upake mikono miwili ya kawaida.

Ya tatu ni mkono wenyewe. Ukuta uliopigwa rola una vipele vidogo vidogo. Ukigusa kwa brashi, unaacha mistari. Jicho linaona tofauti hata kama rangi ni moja. Kilichopakwa kwa rola kirudiwe kwa rola, hata ikiwa ni rola ndogo ya sponji, na rangi iwe kidogo. Paka katikati ya kiraka kwanza, kisha vuta kwenda nje ukipunguza nguvu, ili ukingo uishie kwa kufifia badala ya kukatika ghafla.

Hata ukifanya yote hayo vizuri, kama ukuta una miaka mitatu au minne, kiraka kinaweza kuonekana. Hapo ndipo linapokuja neno la mafundi wazuri: nenda kona mpaka kona. Jicho la mtu haliwezi kulinganisha vizuri kuta mbili zinazokutana kwenye kona, kwa sababu kila ukuta unapokea mwanga wake. Ukuta mmoja ukipakwa wote, kutoka kona hadi kona na kutoka dari hadi chini, hakuna atakayejua kwamba tatu zilizobaki ni za zamani. Kwa hiyo huna haja ya kupaka chumba kizima, na wala usijidanganye kwamba utapaka doa peke yake. Kipimo cha kazi ni ukuta mmoja.

Bibi zetu walilijua hili kabla rangi ya kopo haijafika Mbozi. Mwenye nyumba ya udongo, mvua zikiisha, hakandiki tundu moja na kuondoka. Udongo mpya ukikauka una rangi yake na wa zamani una yake. Anasiriba upande mzima, kutoka pembe hadi pembe, na siku ile nyumba inaonekana mpya. Pwani nako, kuanzia Kilwa hadi Lamu, kuta za mawe ya matumbawe zilipakwa chokaa, na chokaa ina wema ambao rangi za plastiki hazina. Inaingia kwenye lipu, inanyonya hewa ya ukaa na kugeuka tena kuwa jiwe, na kila mkono mpya unaungana na ule wa chini. Haina mng'ao, kwa hiyo marudio hayajitangazi. Sisi huku hatuko mbali na chokaa: eneo lile la Songwe lililobaki Mbeya mkoa huo ulipogawanywa mwaka 2016 lina mawe ya chokaa ya kulisha kiwanda cha saruji. Kwa stoo, kwa jiko la nje, kwa banda, chokaa bado ni jibu la heshima na la bei nafuu.

Turudi kwenye rangi ya kopo, maana kuna mazungumzo ambayo kila fundi wa mkoa huu ameyafanya. Huwa yanakwenda hivi. Fundi anafika: "Shikamoo mama." "Marahaba baba. Hebu niangalizie hapa, lita moja si itatosha?" Fundi anagusa ukuta, anauliza: "Mama, hii rangi ilichanganywa wapi?" "Alichanganya yule fundi wa kwanza, hapa hapa uani." "Alitia nini?" "Alinunua nyeupe, akaweka vichupa." "Vingapi?" Mama anacheka. Hakuna anayejua vingapi.

Na hapo ndipo hesabu inapoharibika. Rangi iliyochanganywa uani, ndoo ya lita 20 nyeupe na vichupa vya rangi kali vikimiminwa kwa kukadiria, haiwezi kurudiwa. Hata fundi yule yule, kwa mkono ule ule, hawezi. Maduka makubwa siku hizi yana mashine ya kuchanganyia, nayo inatoa namba ya rangi. Namba hiyo ni mali. Iandike kwenye kifuniko cha kopo kwa kalamu isiyofutika, pamoja na jina la chumba na mwezi na mwaka uliopaka. Ipige picha kwa simu. Na kama umeamua kuchanganya uani, changanya zaidi ya unayohitaji, uhifadhi lita mbili. Zitie kwenye chombo kidogo kinachojaa, kwa sababu hewa ndiyo inayokausha rangi ndani ya kopo. Funga barabara, usiweke sakafuni, usiweke karibu na bati la moto. Siku ya kuitumia, koroga mpaka chini, uichuje kwa kipande cha chandarua cha zamani. Ikiwa inanuka kuoza, imekufa. Usiipake ndani ya nyumba.

Jambo jingine: usihukumu rangi ikiwa mbichi. Rangi nyingi za maji zinapokauka hukolea kidogo kuliko zilivyo kwenye kopo. Paka kipande mahali pasipoonekana, nyuma ya mlango, uache mpaka kesho. Na kwa baridi ya huku kwetu, mwezi wa sita na wa saba, usipake alfajiri wala jioni. Makopo mengi yanaonya kuhusu baridi iliyo chini ya nyuzi 10, na usiku wa Vwawa si mgeni na kiwango hicho. Anza saa nne asubuhi, saa tisa alasiri uwe umemaliza, ili rangi ipate joto la kuikausha.

Baridi hiyo inanileta kwenye madoa mawili ambayo nawaomba msiyafunike kabla ya kuyauliza yametoka wapi.

La kwanza ni masizi. Ukiona wingu jeusi limetanda juu ya ukuta na kwenye dari ya chumba cha kulala, mara nyingi kuna jiko la mkaa linaloingizwa ndani usiku ili kupasha chumba. Rangi ya maji haizuii masizi. Yatapenya na kutokea juu kama kivuli cha kahawia. Yafutwe makavu kwanza, yaoshwe, kisha yatanguliziwe praima ya mafuta. Lakini rangi hapo ni habari ya mwisho. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na watu hulala wasiamke. Jiko litoke nje kwanza, halafu tuongee habari ya dari.

La pili ni unyevu. Mvua zetu huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili, na nyumba nyingi za tofali za kuchoma zimejengwa bila kizuizi cha maji juu ya msingi. Maji yanapanda kutoka ardhini. Rangi inavimba malengelenge karibu na sakafu, na ukuta unatoa unga mweupe. Unga ule ni chumvi iliyotoka ndani ya tofali na lipu. Usiuoshe, maana maji yanauyeyusha na kuurudisha ndani. Uupanguse kwa brashi kavu. Kisha toka nje uangalie. Mchanga umerundikwa ukutani? Maji ya bati yanamwagika kwenye msingi kwa kukosa mfereji? Bustani inamwagiliwa dirishani? Ukiliondoa hilo, subiri ukuta ukauke, na usubiri kwa wiki, si kwa siku. Lipu mpya ya saruji nayo iachwe kama mwezi mmoja kabla ya rangi. Na kama ni koga nyeusi kwenye pembe za chumba, ioshe kwa dawa ya klorini iliyozimuliwa, madirisha yakiwa wazi, na usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya kusafishia, hasa ya chooni, kwa sababu mchanganyiko huo unaweza kutoa hewa ya sumu.

Kuna somo tunaloliona kila siku tukipita shuleni, zahanati au ofisi za serikali, na hatulitilii maanani. Kuta zao nyingi zina rangi mbili: chini, hadi usawa wa kifua hivi, ni rangi ya mafuta iliyokolea, juu ni rangi nyepesi ya maji. Wengine huona ni mtindo wa kizamani. Mimi naona ni akili. Mikono, migongo, viti na mabegi vinagusa chini, basi chini pamewekwa rangi inayooshwa. Na ule mstari unaogawa rangi mbili ni mpaka: ukirudia sehemu ya chini, unaishia mstarini, na juu hakuguswi. Mwenye gesti, mwenye mgahawa, mwenye kibaraza cha nyumba ya watoto sita, fikiria jambo hili. Mstari mmoja ulionyooka utakuokolea ndoo nyingi.

Lakini rangi ya mafuta ya zamani ina hatari yake, hasa zile zilizokolea za manjano, nyekundu na kijani. Nyingi zilitengenezwa zikiwa na madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaoumia zaidi, kwenye ubongo. Kwa hiyo ukuta wa zamani wenye rangi ya mafuta usipigwe msasa mkavu ndani ya nyumba. Lowanisha, tumia msasa wa maji, watoto wawe kwa jirani, na vumbi likusanywe kwa kitambaa kibichi, lisifagiliwe. Hujui kama rangi ni ya mafuta au ya maji? Futa kwa pamba yenye spiriti. Ikilainika na kuacha rangi kwenye pamba, ni ya maji. Ikikaa kimya, ni ya mafuta, na lazima ikwaruzwe kidogo ndipo rangi ya maji ishike juu yake.

Namalizia na jambo linaloleta maneno kuliko yote: mpangaji anapohama. Mwenye nyumba anasema ukuta ulikuwa mpya, mpangaji anasema ulikuwa hivi hivi. Kwa maoni yangu haki iko wazi. Rangi kupauka, kivuli cha vidole kwenye swichi, alama ya kochi baada ya miaka miwili, huo ni uchakavu wa kawaida, na kodi ndiyo iliyoulipia. Tundu la kitasa, ukuta uliochorwa, masizi ya jiko la mkaa, huo ni uharibifu, na aliyeharibu atengeneze. Siku ya kukabidhiana funguo, ingieni wote wawili, pigeni picha za kila ukuta kwa simu, mtumiane hapo hapo. Na mwenye nyumba amwachie mpangaji namba ya rangi. Unamdai arudishe ukuta ulivyokuwa. Mpe basi cha kurudishia.

Kwa hiyo, kabla hujachovya brashi, osha. Kabla hujalipa lita 20, hesabu ni ukuta gani hasa unaotaka rangi. Na fundi akikutajia bei ya chumba kizima kwa sababu ya doa moja, mwambie kwa upole: baba, nionyeshe kwanza kona hadi kona. Fundi anayeijua kazi yake atatabasamu na kutoa futi.